Kuuliza Maswali Si Kufundisha Ufahamu

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba mambo mengi katika mkoba wake: muhtasari, kiongozi cha mwalimu, maandalio ya masomo yaliyopigiwa mistari kwa rula, karatasi za manila, na chaki za rangi kama amebahatika kuzipata. Kichwani mwake amebeba pia majina ya wataalamu wa elimu aliyoyakariri kwa ajili ya mtihani. Sisi tulio wakufunzi tumeona, mwaka hata mwaka, kwamba vilivyo mkobani hutumika, na vilivyo kichwani hubaki huko huko mpaka vikasahauliwa. Jambo hili hudhihirika zaidi katika somo la ufahamu, na kwa ajili hiyo twataka kulisemea hapa.

Tuanze na kipindi kimoja tulichokikagua. Shule hatutaitaja, wala mwanachuo aliyefundisha, kwa kuwa lawama kubwa si yake. Lilikuwa Darasa la Nne, lenye watoto zaidi ya 80, katika wilaya ya bara iliyo mbali sana na bahari. Kifungu cha habari kilikuwa kimeandikwa ubaoni kwa mwandiko safi. Kilisimulia habari za mzee mmoja mvuvi aliyeamka alfajiri, akateremka pwani na nyavu zake begani, akakuta maji yamekupwa. Basi akaketi juu ya ngalawa yake, akawaambia vijana wake wawili kwamba hawatatoka kabla ya adhuhuri. Vijana wakafurahi, wakarudi nyumbani kulala.

Mwanachuo alikisoma kifungu kwa sauti, watoto wakakisoma wote pamoja, kisha mmoja mmoja. Msichana wa dawati la mbele alisoma vizuri mno. Hakukwama hata mara moja. Alipumzika kwenye mkato, akashusha sauti kwenye nukta. Darasa likampigia makofi. Yakafuata maneno magumu, nayo yalikuwa alfajiri, nyavu, ngalawa na adhuhuri, kila moja na maana yake ya neno moja au mawili. Mwisho yakaja maswali matano. Nani aliamka alfajiri? Alibeba nini begani? Alikuta maji yamefanya nini? Aliketi wapi? Vijana walikwenda wapi? Mikono ilinyooshwa kama msitu, na majibu yote yalikuwa sahihi. Kengele ilipolia, mwanachuo alikuwa amemaliza kila hatua ya andalio lake. Tulimpa alama nzuri.

Watoto walipokuwa wakitoka, tulimwita yule msichana aliyesoma vizuri, tukamwuliza kwa mazungumzo tu: mbona yule mzee hakwenda kuvua asubuhi ile? Akajibu upesi, “Kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa.” Na maji yakikupwa yanakuwaje? Akatazama chini, akafikiri, akasema, “Yanakuwa machafu.” Mwenziwe aliyesimama karibu akamsahihisha: “Si machafu. Yamekatika.” Tukamwuliza huyu wa pili, kwa nini basi wangojee mpaka adhuhuri? Akaeleza, kwa uhakika wa mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, kwamba watu wa maji hufungua mchana.

Jibu hilo lilituchekesha njiani, lakini tulipofika chuoni kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alikutana na neno asilolijua, akatafuta katika maisha yake jambo linalofanana nalo, akaona bomba la kijijini, akajenga maana kamili isiyopingana na chochote alichokisoma. Hivyo ndivyo msomaji afanyavyo. Kilichokosekana ni mwalimu wa kumwambia kwamba bomba si bahari. Na mwalimu alikuwapo, dakika 40 nzima, akishughulika na mambo mengine kwa idhini yetu.

Tufanye jaribio dogo. Someni sentensi hii: Mgefu alimzopoa mrandu kizevani kwa sababu mrandu alikuwa amebuzika. Msihangaike kutafuta kamusi, maana maneno hayo tumeyabuni wenyewe. Sasa jibuni. Nani alimzopoa mrandu? Mrandu alizopolewa wapi? Kwa nini alizopolewa? Hapana hata mmoja wenu atakayekosa. Mtaigeuza “alimzopoa” kuwa “alizopolewa”, na “kizevani” kuwa “katika kizeva”, pasipo hata kufikiri, kwa kuwa viambishi vya Kiswahili humwongoza msomaji kama reli iongozavyo gari moshi. Mmepata tatu kwa tatu juu ya habari isiyokuwa na maana yoyote. Kama mngekuwa katika Darasa la Nne, mwalimu angeandika “Vizuri sana” katika madaftari yenu kwa wino mwekundu.

Maswali ya namna hiyo hayapimi ufahamu. Hata yangeupima, kupima si kufundisha. Fundi anayepima mlango kwa futi kamba mara tano hajautengeneza mlango.

Kosa hili si la nchi moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Dolores Durkin wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliketi pamoja na wasaidizi wake katika madarasa ya nne, akihesabu dakika kwa saa yake. Alitaka kujua jambo moja: ni muda gani mwalimu anatumia kumwonyesha mwanafunzi namna ya kupata maana ya anachokisoma? Katika dakika 4,469 za masomo ya kusoma alizozitazama, ni 20 tu zilizotumika kwa kazi hiyo, ambazo hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Muda uliobaki walimu walikuwa wakitoa mazoezi, wakiuliza maswali, wakisahihisha. Tulipousoma utafiti huo tulitamani kumwalika mama yule katika kile kipindi cha mvuvi, ingawa twaogopa hesabu ambayo angetuachia.

Ila kwetu kuna sababu moja zaidi inayolificha kosa, nayo yatoka katika lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, tangu ba be bi bo bu mpaka zile zenye ng', gh na dh, aweza kulitamka neno lolote lile, hata asilopata kulisikia maisha yake yote. Mtoto wa Kiingereza anayekutana na neno geni mara nyingi hukwama, kwa sababu tahajia ya lugha yake ina mitego mingi; na akikwama, mwalimu wake hushtuka. Wa kwetu hakwami. Hupita juu ya “yamekupwa” kwa mwendo ule ule aliopita nao juu ya “aliketi”. Sikio la mwalimu husikia usomaji mzuri, likatosheka. Wepesi wa maandishi yetu ni neema kubwa, na hapana sababu ya kuuonea haya, lakini humwondolea mwalimu kengele ya hatari ambayo wenzetu wanayo.

Kwa sababu hiyo twadhani kwamba matokeo machache ya utafiti wa kusoma yanawafaa ninyi kuliko mengi mnayoyakariri. Tutayachukua kwa namna yanavyoweza kutumika kesho asubuhi.

La kwanza ni wazo lililotolewa mwaka 1986 na Philip Gough na William Tunmer. Walisema kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Waliposema zao walikusudia kuzidisha, si kujumlisha. Aliyepungukiwa upande mmoja hawezi kufidiwa na upande wa pili, na sifuri ikizidishwa kwa chochote hubaki sifuri. Wazo hili ni jepesi, na wako waliolilaumu kwa wepesi wake. Lakini mwalimu aliye darasani hulipata humo chombo asichokihitaji kununua. Mtoto aliyeshindwa kueleza alichokisoma, mchukue kando, umsomee wewe kifungu kile kile, polepole, kisha umwulize tena. Akielewa alipokisikia, tatizo lake liko katika herufi na silabi, na hapo atasaidiwa kwa mazoezi ya kusoma. Asipoelewa hata alipokisikia, basi kumrudisha kwenye silabi ni kumwonea. Huyo amekosa lugha, au amekosa habari za jambo linalosimuliwa. Tumewaona watoto wa aina hii ya pili, hasa kule ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, wakisimamishwa mbele ya ubao wasome upya kile walichokwisha kukisoma bila kosa. Husoma tena, vizuri vile vile, na huketi wakiwa hawajui kwa nini walisimamishwa.

La pili latuhusu sisi tunaopenda kueleza mambo mwishoni. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu kifungu kilichosimulia jinsi ya kufua nguo, lakini kikiwa kimeandikwa kwa namna ambayo msikilizaji hatambui kwamba ni nguo zinazosemwa. Maneno yake yote yalikuwa mepesi. Baadhi ya watu waliambiwa mada kabla ya kusikiliza, wengine baada ya kusikiliza, na wengine hawakuambiwa kabisa. Walioambiwa kabla walikumbuka kiasi cha mara mbili ya wenzao. Walioambiwa baada hawakuwashinda wale wasioambiwa lolote. Hilo la mwisho ndilo la kulitafakari. Mwalimu anayengoja mpaka watoto wamekosa maswali, ndipo awaeleze maana ya kupwa na kujaa, ameleta taa asubuhi.

La tatu ni la mwaka 1988. Donna Recht na Lauren Leslie waliwachukua wanafunzi 64 wa Marekani wa madarasa ya saba na ya nane, wakawapa habari ya mchezo wa besiboli. Miongoni mwao walikuwamo wasomaji hodari na wasomaji dhaifu. Na katika kila upande walikuwamo waliojua mchezo na wasioujua. Ilionekana kwamba wasomaji dhaifu walioujua mchezo walieleza habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Tafsiri ya utafiti huo kwa Kiswahili chetu ni hii: mpeni mtoto wa Bagamoyo na mtoto wa Kondoa ile habari ya mvuvi, na hodari ataonekana kuwa wa Bagamoyo, kisha wapeni wote wawili habari ya mtama unaopurwa, na vyeo vitabadilishana. Mwalimu asiyejua jambo hili huandika katika ripoti kwamba mtoto fulani “hana uwezo wa ufahamu”, kana kwamba ufahamu ni kimo cha mtu.

Turudi sasa katika darasa la mvuvi, tuseme kipindi kile kingefundishwaje. Yatupasa kukiri kwanza kwamba andalio tulilowafundisha halisaidii, kwa kuwa lina nafasi kubwa ya hatua na nafasi ndogo ya kifungu chenyewe. Mwanachuo huandika “wanafunzi waweze kujibu maswali ya ufahamu kwa usahihi” kabla hajakisoma kifungu mara ya pili. Kazi ianzie kwenye kifungu. Mwalimu akisome usiku akiwa peke yake, ajifanye ni mtoto wa kijiji kile, na atafute mahali ambapo mwandishi amenyamaza. Katika habari yetu, mwandishi hakusema popote kwamba ngalawa ilikuwa imekaa mchangani, wala kwamba maji yangerudi baada ya saa chache. Aliyaacha kwa sababu aliandika akiwafikiria wanaojua. Habari yote inaning'inia kwenye neno moja, yamekupwa, ambalo mwanachuo wetu hakulifundisha kwa kuwa halikuwamo katika orodha ya msamiati kitabuni. Alifundisha alfajiri, neno ambalo kila mtoto hulijua kwa kuamshwa.

Kwa hiyo kabla ya kusoma, dakika tano: karai moja, mchanga upande mmoja, maji kidogo, na kipande cha gome la mti kiwe ngalawa. Inamisha karai, maji yaende upande wa pili. Gome limekwama mchangani. Inua polepole, maji yarudi, gome linaelea. Waambie kwamba bahari hufanya hivyo mara mbili kwa siku, na kwamba watu wa pwani husema maji yamekupwa na maji yamejaa. Zana hii haigharimu kitu, wala haihitaji kuchorwa kwenye bango kitita kwa rangi nne. Tumeona mabango mazuri sana ya ngalawa, yenye tanga na samaki, ambayo hayakuonyesha jambo pekee lililohitajiwa.

Wakati wa kusoma, mwalimu asimame mahali pawili hivi, afikiri kwa sauti mbele ya watoto. Hili ni gumu kwa wanachuo, maana tumewazoesha kwamba mwalimu hujua na mwanafunzi huuliza. Maneno yake yaweza kuwa haya: “Hapa mimi nimesimama kidogo. Nasoma kwamba mzee aliketi. Lakini alikuja kuvua, mbona anaketi? Narudi nyuma mstari mmoja. Aha, maji yamekupwa. Basi ngalawa yake iko mchangani, haiwezi kuelea. Mwandishi hakusema, mimi nimeunganisha.” Hayo ndiyo mafundisho ambayo Durkin aliyatafuta kwa saa mkononi akayakosa. Mtoto humwona mtu mzima anayesoma akikwama, akirudi, akiunganisha, akaendelea. Hugundua kwamba kukwama si aibu ya wajinga bali ni sehemu ya kazi.

Kisha watoto nao wajaribu. Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha mwaka 1984 utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa kama yule msichana wetu: wakiyatamka maandishi vizuri na kuelewa kidogo. Waliwafundisha katika vikundi vidogo kazi nne, yaani kufupisha walichokisoma, kuuliza swali juu yake, kufafanua palipo na utata, na kubashiri yatakayofuata. Mwalimu alizifanya kwanza yeye mwenyewe mbele yao, kisha akaziachia mikononi mwao kidogo kidogo, wakipokezana nafasi ya kuwa mwalimu. Ufahamu wao ulipanda sana, tena katika muda wa wiki chache.

Ufundishaji huu wa kupokezana umeenea duniani, na umefika hata vyuoni kwetu, lakini kwa namna inayotutia mashaka. Kiini chake kimepotea njiani, sura yake ikabaki. Tumeona darasa likigawanywa katika vikundi vya watoto 15, kila kikundi na kiongozi wake na katibu wake. Katibu huandika, kiongozi husoma kilichoandikwa, na 13 waliobaki hutazama mbuzi dirishani. Mwanachuo hupata alama ya “ushirikishwaji”. Watafiti wale walikuwa na watoto wachache mbele yao na mtu mzima aliyesikiliza kila neno. Mwenye watoto 80 hawezi kuiga sura hiyo, lakini aweza kuchukua kiini. Dawati moja lina watoto watatu. Baada ya aya moja, wa kwanza aseme kwa maneno yake kilichotokea. Wa pili aulize swali ambalo jibu lake halimo katika mstari mmoja. Wa tatu ataje pale ambapo hakuelewa, na asikubaliwe akisema ameelewa kote. Aya inayofuata wapokezane. Mwalimu atembee, asikilize madawati manne au matano kwa makini, asijitahidi kuyapitia yote. Kelele zitakuwapo. Mwalimu mkuu akichungulia, mwelezeni mnachofanya.

Hapa hatuna budi kutoa onyo, kwa kuwa twajua tabia ya vyuo: kitu kikionekana kizuri hugeuzwa kuwa somo zima. Barak Rosenshine na Carla Meister walizikusanya mwaka 1994 tafiti 16 za ufundishaji huu wa kupokezana. Zilionyesha kwamba unafaa, lakini hazikuonyesha kwamba kuongeza idadi ya vipindi kunaongeza faida. Daniel Willingham, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, amelisisitiza jambo hilo hilo katika maandishi yake ya mwaka 2006 na baada yake: mbinu hizi mtoto huzishika haraka, na akishazishika, kumrudishia mwaka mzima hakumwongezei kitu. Kinachoendelea kumkuza ni maarifa na msamiati, navyo havina njia ya mkato. Kwa maoni yetu, wiki chache za kuzifundisha mbinu kwa makini mwanzoni mwa mwaka zatosha, na baadaye zitumiwe tu pale zinapohitajika. Muda uliobaki watoto wasome. Wasome habari za mito, za nyuki, za reli, za figo na moyo, za miji wasiyopata kuiona. Na mahali ambapo vitabu ni haba, mwalimu awasomee yeye. Somo la sayansi na somo la jiografia ni masomo ya ufahamu pia. Tungependa kuwasikia wakufunzi wa masomo hayo juu ya jambo hili, maana wengi wao hutuambia kwamba kusoma ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili.

Mtatuuliza, na mmekwisha kutuuliza: yafaa nini kubadili maswali yetu ikiwa mitihani inauliza yale yale ya nani, wapi na nini? Hoja hii ina uzito, wala hatutaidharau. Hatusemi maswali hayo yafutwe. Mtoto aliyeielewa habari huyajibu bila shida, naye aliyezoea kuyajibu bila kuelewa huanguka siku habari inapokuwa ndefu, au swali linapogeuzwa kidogo. Wekeni matatu ya kawaida na mawili ambayo jibu lake halinakiliki. “Vijana walifurahi kwa nini?” ni swali la namna hiyo. Kifungu hakikusema, lakini aliyewaona wale vijana wakiamshwa alfajiri atajua.

Kuna ninyi mtakaoupenda utafiti hata kupita kiasi, nanyi twawasihi msiukubali kwa sababu tu umetoka ng'ambo au una tarakimu. Ulizeni watoto walikuwa nani, walisoma lugha gani, na walilinganishwa na nani. Tafiti nyingi za kusoma zimefanywa juu ya Kiingereza, ambacho tahajia yake huwachukua watoto miaka mingi kuishinda. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake yahusu taabu hiyo, nasi taabu hiyo hatunayo kwa kiasi hicho. Anayeyaleta yote katika Darasa la Tatu la Kiswahili atawafundisha watoto kwa mwaka mzima kitu ambacho wengi wao wangekishika kwa miezi. Kinyume chake, watoto wa tafiti zile mara nyingi walisoma lugha waliyonyonya nayo, na wengi wa kwetu sivyo. Hilo hakuna mtafiti atakayewatazamia katika darasa lenu. Kile kipimo cha kumsomea mtoto kando ndicho kitakachowaambia, na daftari la kurasa chache latosha kuandika mlichokiona: jina, kifungu, alielewa aliposoma au aliposikia, neno lililomkwamisha. Mwanachuo mmoja aliyelifanya hilo kwa watoto kumi tu alituletea orodha ya maneno ambayo sisi, kwa miaka yote, tulidhani kila mtoto wa shule anayajua. “Baadaye” lilikuwamo. “Ijapokuwa” lilikuwamo. Hatukupata kumwona mwanachuo yeyote akiliandika “ijapokuwa” katika orodha ya maneno magumu, kwa sababu si jina la kitu na haliwezi kuchorwa.

Ama sisi wakufunzi, tuna deni letu. Ile alama nzuri tuliyompa mwanachuo wa kipindi cha mvuvi hatukuifuta. Ingekuwa dhuluma kumwadhibu kwa kufanya tulichomfundisha. Tulirudi kwake jioni ile, tukamweleza habari ya maji yaliyokatika, akacheka, kisha akaomba kipindi kile akirudie. Alikirudia siku ya Alhamisi kwa karai aliyoazima jikoni. Nasi tumeongeza mstari mmoja katika fomu yetu ya kukagulia masomo, chini ya ule wa zana na juu ya ule wa nidhamu ya darasa: mtoto ambaye hakunyoosha mkono alielewa nini? Wenzetu wengine wamelalamika kwamba mstari huo haujaziki mtu akiwa ameketi nyuma ya darasa. Ni kweli haujaziki hivyo. Basi mkimwona mkaguzi wenu ameinuka katikati ya kipindi, akaenda kuketi kwenye dawati la nyuma kabisa karibu na mlango, akainama na kumnong'oneza mtoto jambo, msishtuke mkaacha kufundisha.